Mvinyo mwekundu wa Dodoma upite Ulaya, ufike Mikumi

Kati ya Kilosa mjini na Mikumi kuna kijiji kiitwacho Ulaya. Lori lililotoka Dodoma likiacha barabara kuu ya Morogoro pale Dumila na kushika njia ya Kilosa, litapita Ulaya kabla ya kufika Mikumi, mwendo wa kama kilomita 140 kutoka hapo Dumila. Mwenye utani anaweza kusema kwamba mvinyo wa Dodoma ukipakiwa kwenye lori hilo utafika Mikumi ukiwa umetoka Ulaya, na mwenye hoteli hatakuwa tena na sababu ya kuukataa.

Utani huo una ukweli mchungu ndani yake. Mikumi ni lango la mbuga iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1964. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia inakatiza ndani ya hifadhi hiyo kwa kilomita 50 hivi, na kandokando yake zimejengwa hoteli na kambi za watalii. Mgeni akiketi mezani jioni na kuomba mvinyo mwekundu wa daraja la juu, mawazo ya mhudumu hukimbilia Afrika Kusini, Italia au Ufaransa. Dodoma, ambayo ni jirani, hukumbukwa zaidi pale mteja anapoomba kitu cha bei nafuu.

Kila soko la mvinyo wa nyumbani linapoyumba, kilio kinachosikika kwanza ni cha kodi: bidhaa za nje zitozwe zaidi, za ndani zitozwe kidogo. Kilio hicho kina haki yake, lakini kwa mvinyo wa daraja la juu hakina dawa. Dawa ipo shambani, kwenye mizani ya kununulia zabibu, na wakulima wa Wilaya ya Kilosa wanaijua kuliko wengi, ingawa wao hawalimi zabibu.

Safari ndefu ya zabibu

Zabibu za mvinyo si mgeni wa juzi Dodoma. Wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia walizipanda Bihawana, nje kidogo ya mji, mnamo mwaka 1957. Walichokuwa wakikitafuta ni divai ya altare, lakini walichokigundua ni kwamba nchi ya Wagogo, iliyozoeleka kwa ukame na mtama, inaufaa mzabibu. Dodoma ipo juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,100. Mvua yake ni haba, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua la mchana na ubaridi wa usiku, miezi kadhaa mfululizo.

Kule Ulaya yenyewe, ile ya ng'ambo, mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haulali. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na kwa kupanga siku za kupogoa anaweza kuvuna mara mbili: kati ya Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Aina nyekundu iliyoenea zaidi imepewa jina la Makutupora, mahali palipo kaskazini mwa mji ambapo pana kituo cha utafiti wa zao hilo. Si ile Makutupora ya Singida inayotajwa kwenye ujenzi wa reli ya kisasa.

Katika miaka ya Azimio la Arusha, zabibu zilikwenda mikononi mwa mashirika ya umma. Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, ambalo watu walilijua kwa unga, ndilo lililokuwa pia likitengeneza mvinyo wa Dodoma. Baadaye kazi ikashikwa na kampuni ya umma ya DOWICO. Mnunuzi alikuwa mmoja, bei ilikuwa moja, na kilo ilikuwa kilo. Zabibu iliyoiva vizuri na ile iliyochumwa mapema zilitiwa kwenye kreti moja na kulipwa sawa. Soko huria lilipoingia na mashirika ya umma kuyumba, mkulima akajikuta ana shamba lakini hana mnunuzi wa uhakika.

Wafanyabiashara binafsi ndio walioufufua mchezo. Katika miaka ya 2000, Mwitaliano Fiorenzo Chesini na kampuni yake ya CETAWICO walijenga kiwanda Hombolo, wakaingiza mbegu za kwao kama Marzemino na Aglianico pamoja na Syrah, na kuzipanda sambamba na Makutupora. Alko Vintages ikasimamisha kiwanda Dodoma na kuwafikia wanywaji wa kawaida kwa Dompo. Kampuni ya TDL, watengenezaji wa Konyagi, ikawa mnunuzi mkubwa wa mvinyo uliokwisha kukamuliwa Dodoma, ikiusafirisha kwa wingi hadi Dar es Salaam na kuujaza huko kwenye chupa.

Kwa hiyo mvinyo wa Dodoma umekuwa ukipita ardhi ya Kilosa miaka mingi, kwa barabara ya Dumila na Magole, ukielekea pwani. Umekuwa ukipita bila kusimama.

Kodi inayolinda chupa ya bei rahisi

Kodi ya Tanzania haiusahau mvinyo wa nyumbani. Kwa miaka mingi sheria ya ushuru wa bidhaa imeutenga mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini, na kuutoza kidogo. Katika bajeti ya mwaka 2017/18, mvinyo huo ulipunguziwa kutoka shilingi 202 hadi shilingi 200 kwa lita. Mvinyo wenye zabibu nyingi za nje ulipandishwa kutoka shilingi 2,130 hadi 2,236 kwa lita. Tofauti hiyo ya shilingi 2,036 kwa lita si ndogo, na waliopanga viwango hivyo walikuwa na nia njema.

Lakini hesabu za chupa zinaonyesha jambo jingine. Chupa ya kawaida ina mililita 750, kwa hiyo nafuu ya kodi kwa kila chupa kwa viwango vya mwaka ule ilikuwa shilingi 1,527. Tuseme chupa inauzwa shilingi 6,000. Nafuu hiyo ni robo ya bei, na mshindani wa nje anaumia kweli. Sasa tuseme chupa inauzwa shilingi 60,000 kwenye meza ya hoteli ya kitalii. Nafuu ile ile ni asilimia mbili na nusu. Mtalii hawezi hata kuiona.

Maana yake ni kwamba kodi inayohesabiwa kwa lita haijui ubora. Inamlinda sana anayetengeneza mvinyo mwingi wa bei ya chini, na inamwacha peke yake anayejaribu kutengeneza mvinyo mchache wa bei ya juu. Mwenye kiwanda mwenye akili ya biashara huona hivyo mapema na kuelekeza fedha zake kwenye wingi. Hapaswi kulaumiwa kwa hilo.

Hata kile kigezo cha asilimia 75 kina kasoro kwa daraja la juu. Kimewekwa kwa ajili ya kukusanya kodi, na kwa kazi hiyo kinafaa. Lakini kinaruhusu hadi robo ya zabibu kutoka kwingine na mvinyo ukaendelea kuitwa wa nyumbani. Mnunuzi anayelipa bei kubwa anataka kujua zabibu zimetoka shamba gani na mwaka gani, na anataka jibu liwe la asilimia mia.

Upo pia upande wa mikataba. Tangu eneo huru la biashara la SADC lianze mwaka 2008, kuta za ushuru wa forodha kati ya Tanzania na Afrika Kusini zimeshushwa, na hakuna dalili ya kuzijenga upya. Afrika Kusini nayo haikupata jina lake kwa kujifungia. Ilianza mwaka 1973 kuthibitisha asili ya mvinyo wake, ili jina la wilaya, aina ya zabibu na mwaka wa mavuno vikiandikwa kwenye chupa viwe kweli. Ufaransa iliweka sheria za aina hiyo mwaka 1935. Wote hao walijenga kwanza imani ya mnywaji, na bei ikafuata.

Somo la pamba fifi na miwa ya Ruhembe

Imani hiyo huanzia kwenye zabibu, na hapa ndipo Kilosa inapokuwa mwalimu.

Mkulima wa pamba wa Kilosa hakuhitaji kufundishwa na mtu kwamba kilo hazilingani. Pamba safi ilikwenda daraja la kwanza, pamba fifi ikaenda daraja la pili kwa bei ndogo, na familia nzima ilikaa uwani kuchambua kabla ya kwenda kuuza. Kituo cha utafiti cha Ilonga, nje ya mji wa Kilosa, ndicho kilichozaa aina za pamba zenye herufi IL zilizolimwa kanda ya mashariki, kama vile Makutupora ilivyoupa mzabibu jina lake. Kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba, singa zilichambuliwa kwa urefu na rangi kabla ya kufungwa marobota. Hakuna mnunuzi wa London aliyelipa bei moja kwa singa ndefu nyeupe na kwa mabaki.

Mfano wa karibu zaidi ni wa miwa. Wakulima wa nje wa Ruhembe na Kidodi, wanaouza miwa yao kwenye kiwanda cha sukari cha Kilombero, hawalipwi kwa tani peke yake. Kiasi cha sukari kilichomo kwenye muwa kinaingia katika hesabu. Wanajua kwamba muwa uliokawia baada ya kuchomwa unapoteza sukari, na kwa hiyo unapoteza fedha.

Zabibu ni ndugu wa muwa kwa jambo hilo. Kilevi cha mvinyo hutokana na sukari ya tunda, na kanuni yake inajulikana: gramu 17 hivi za sukari katika lita ya juisi hutoa asilimia moja ya kilevi. Juisi yenye gramu 170 itatoa mvinyo wa asilimia 10, mwepesi na mkali wa uchachu. Juisi yenye gramu 221 itatoa asilimia 13, na wakati huo ganda na kokwa navyo vimekomaa, vikatoa rangi nzito na ladha isiyokwaruza koo. Kati ya juisi hizo mbili kuna siku kadhaa tu za kusubiri juani.

Siku hizo ndizo zinazopotea. Mkulima anayelipwa kwa kilo hana sababu ya kusubiri. Kila siku zabibu zikiwa shambani, ndege wanakula, wezi wanaweza kuingia usiku, na mvua ikinyesha ukungu utashambulia vichala. Tena zabibu inayosubiri sana inaanza kusinyaa na kupungua uzito. Kwa mfumo wa kilo moja bei moja, anayechuma mapema ndiye mwerevu, na anayesubiri ubora ndiye mjinga. Hakuna mtengeneza mvinyo, hata angetoka Bordeaux, anayeweza kurekebisha kiwandani kosa lililofanyika shambani.

Wanunuzi wa zabibu za daraja la juu hawana budi kutangaza bei mbili au tatu kwa kiwango cha sukari, kabla msimu haujaanza. Kifaa cha kupimia ni kidogo, kinashikwa mkononi, na kinahitaji tone moja la juisi. Nyongeza ya bei lazima iwe kubwa kiasi cha kumlipa mkulima kwa siku za kusubiri na kwa mlinzi wa usiku. Na mavuno ya Agosti na Septemba, ambayo huiva wakati wa ukavu, yawe ndiyo ya mvinyo mwekundu wa daraja la juu. Yale ya Februari na Machi, yanayokutana na mvua, yaende kwenye mvinyo wa kawaida na matumizi mengine.

Hapo somo la miwa lina upande wa pili. Kipimo kinachofanyika mbali na macho ya mkulima huzaa manung'uniko hata kama ni sahihi. Kwa hiyo zabibu zipimwe mbele ya mwenye mali, shambani au kwenye lango la ushirika wake, na karatasi ibaki mkononi mwake. Vyama vya ushirika vya wakulima wa zabibu vina kazi kubwa hapo kuliko kulalamikia bei kila mwaka. Chama chenye kipimo chake na daftari lake kinaweza kujadiliana na mnunuzi yeyote.

Kwa nini Mikumi

Wapo watakaouliza kwa nini soko la kuanzia liwe Mikumi wakati Dar es Salaam ina watu mamilioni. Sababu ni kwamba mvinyo wa daraja la juu unahitaji mteja mchache, mwenye fedha, na aliyekuja tayari kuonja mambo ya nchi. Mtalii hakusafiri hadi Mikumi ili anywe alichokiacha kwenye duka la jirani yake. Ameona tembo asubuhi. Jioni akiambiwa kwamba chupa iliyo mezani imetoka upande wa pili wa milima ya Rubeho, kwenye shamba lenye jina, na kwamba mizabibu yake huvunwa mara mbili kwa mwaka, atainunua mara ya kwanza kwa udadisi. Ladha ndiyo itakayoamua kama atanunua ya pili.

Njia nayo imerahisishwa. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 ina kituo Kilosa. Mgeni anaweza kuunganisha mashamba ya mizabibu na mbuga ya wanyama katika safari moja. Hilo likitokea, Kilosa itapata wageni wa kulala, madereva wake watapata kazi, na mwenye duka atapata sababu ya kuweka chupa nzuri. Bila hivyo, treni nayo itapita kama malori yanavyopita.

Lakini joto lisisahaulike. Kilosa na Mikumi zipo chini sana kuliko Dodoma, na mchana wa Novemba ghala la mabati linakuwa tanuri. Chupa nzuri ikikaa humo wiki tatu, mvinyo wake unapikwa. Vitabu vya Ulaya vinaposema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, vinasema chumba cha nchi ya baridi, nyuzi 16 hadi 18. Hoteli inayotaka kuuza chupa ya shilingi 60,000 haina budi kuwa na chumba cha ubaridi, chupa zilazwe gizani, na mhudumu afundishwe kuipoza kidogo kabla ya kufungua. Mvinyo ukiharibikia Mikumi, mgeni hatamlaumu mwenye ghala. Atasema Dodoma hawajui kutengeneza.

Hoja za kupinga

Itasemwa kwamba hoteli za Mikumi ni chache na haziwezi kumaliza zabibu za Dodoma. Ni kweli. Sehemu kubwa ya zabibu itaendelea kwenda kwenye mvinyo wa bei ya kawaida, juisi na zabibu za mezani, na hakuna aibu katika hilo. Mnywaji wa kipato kidogo ana haki ya mvinyo wake, na ni bora anywe uliotokana na tunda kuliko pombe kali ya mifuko, ile viroba, iliyopigwa marufuku Machi 2017. Daraja la juu halikusudiwi kubeba zao zima. Kazi yake ni kuweka dari ya bei ili sakafu nayo ipande. Kahawa ya Kilimanjaro ilipata jina kwa madaraja yake ya juu, na jina hilo likasaidia kuuza hata ya daraja la chini.

Itasemwa pia kwamba mkulima hana fedha za kusubiri, kwa sababu ada ya shule haingoji sukari ipande. Hoja hii ni nzito zaidi, na jibu lake lipo kwa mnunuzi na benki. Atakayetaka zabibu zisubiri atoe malipo ya awali pale vichala vinapoanza kubadilika rangi. Akishindwa, asidai ubora ambao hakuulipia.

Kinachowekwa rehani hapa ni shamba lenyewe. Mzabibu huchukua miaka miwili hadi mitatu kuanza kuzaa, na ukitunzwa unaweza kuzaa kwa miongo. Kuung'oa ni kazi ya siku moja. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, ardhi ya pembeni mwa mji imekuwa na bei ya viwanja. Mkulima ambaye zabibu zake zinalipwa bei moja na za jirani aliyezichuma mbichi, na ambaye kila msimu hana uhakika wa mnunuzi, atapiga hesabu zake kama mfanyabiashara yeyote. Siku akiamua kukata shamba vipande na kuuza, hakuna bajeti itakayorudisha mizabibu ya miaka thelathini.

Tangu Bihawana mwaka 1957, Dodoma imejifunza kulima zabibu, kuzikamua na kuuza mvinyo mwingi. Kilichobaki ni kumlipa mkulima kwa kusubiri. Msimu wa ukavu ukifika, mnunuzi atakayebandika ukutani bei ya gramu 170 na bei ya gramu 220 ndiye atakayekuwa ameanza kutengeneza mvinyo mwekundu wa daraja la juu. Chupa yake ya kwanza ipelekwe Mikumi, kwa njia ya Kilosa, na dereva asione haya kusema imepita Ulaya.